Hadithi Hii Imetoka Zizi la Nani?

Mimi kalamu sijashika. Ninasema, mjukuu wangu anaandika, na akiandika vibaya mtamlaumu yeye, mimi nitakuwa nimelala. Ameniambia hapa hatutaji jina la mtu yeyote, hata langu. Nimekubali, lakini mbele mtaona hiyo sheria yake imenibana mahali.

Kazi yangu ni maziwa ya ngamia, sokoni hapa Garissa. Maziwa yanatoka kwa wafugaji huko porini, njia ya Hulugho, yanakuja na gari ndani ya jerikeni za njano. Gari lenyewe halina saa. Leo linakuja mapema, kesho linakuja jua likiwa juu ya kichwa na maziwa yameanza kununa. Sisi wanawake wa maziwa tunakaa chini ya turubai, tunangoja. Na watu wakingoja lazima mmoja aseme kitu, la sivyo tutaanza kusemana.

Wa kusema ni mimi. Tangu nikiwa msichana nachunga mbuzi, sauti ya mtu nikiisikia mara moja nimeichukua, hairudi kwake. Naweza kukupa dereva wa gari letu, yule wa koo kavu: "Mama, barabara mbaya, mama! Barabara mbaya sana!" Na barabara ni ile ya jana, yeye ndiye aliyelala. Naweza kukupa afisa anayekuja kukagua usafi, pua yake kwenye kitambaa: "Akina mama, usafi. Usafi, akina mama." Halafu anaomba kikombe, na akimaliza anakilamba. Nikimtoa huyo afisa, wanawake wanajifunika uso na shungi kwa kicheko. Wengine wana ngamia, wengine wana watoto Nairobi. Mimi nina mdomo.

Lakini hata mdomo unaishiwa. Ilifika wakati nikianza kisa, wa pembeni ananimalizia. Nikisema, "Kulikuwa na mwanamke wa Tarbaj na mbuzi wake," mwingine anaitikia, "Mbuzi akala stakabadhi ya chifu, tunajua." Wasichana wakaanza kuweka vile vidude masikioni. Mtu anakuangalia usoni, anatikisa kichwa, na kumbe anasikiliza mtu mwingine kabisa aliye mbali huko. Niliona siku zangu chini ya turubai zimekwisha.

Sasa hapa lazima nimlete wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Yeye ndiye muonjaji wetu. Gari likifika, maziwa hayamwagwi kwenye mtungi mkubwa wa pamoja mpaka afungue kila jerikeni, anuse, atie tone kwenye kiganja, alambe, aulize: "Haya yametoka zizi la nani?" Anauliza kwa sauti kavu, ya polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Ukikosa jibu, jerikeni yako inakaa pembeni, hata yawe matamu namna gani. Kwa sababu jerikeni moja mbaya inaharibu mtungi mzima, na hapo hasara ni yetu sote.

Na vile alivyo kwa maziwa, ndivyo alivyo kwa maneno. Mashairi ya zamani ya ngamia na ya ugomvi amehifadhi mengi kichwani, neno kwa neno. Kabla hajaanza shairi anasema nani alilitunga, ni wa watu gani, na yeye amelipokea kwa nani. Kwetu ndivyo ilivyo. Shairi lina mwenyewe. Ukilisema bila kumtaja umeiba, na ukibadilisha neno umechinja mnyama wa mtu. Mimi na visa vyangu vya mbuzi nilikuwa nje ya sheria hiyo, maana visa vya mbuzi hakuna anayevidai.

Mjukuu wangu yuko chuo cha ualimu. Mchana, joto likishika, nyumba nzima tunalala kwenye mikeka kama samaki walioanikwa. Siku moja nimefumba macho, namsikia anacheka peke yake. Anacheka, ananyamaza, anacheka tena.

"Naa, wewe msichana, unacheka na nani? Ni mvulana?"

"Ayeyo, bibi, ni kitabu."

"Kitabu gani kinachekesha? Kitabu cha shule nilichokiona kilikuliza wewe."

"Hiki ni cha hadithi. Na ni cha bure, Ayeyo. Bure kabisa, wallahi!" Akanigeuzia simu, kana kwamba mimi ningeona kitu pale isipokuwa sisimizi wamejipanga. "Ni cha zamani sana. Aliyekiandika alikufa kitambo, sasa hakina mwenyewe. Unachukua tu, hakuna mtu wa kukuuliza. Na viko vingi, utachizi!"

"Nisome hicho."

"Ni cha Kizungu."

"Na wewe nilikupeleka shule ya Kichina? Soma, geuza."

Akasoma, akageuza. Ilikuwa ni nchi ya baridi, baridi ya kupasua mawe. Kuna mama mmoja mjane ana nyumba ya wageni kando ya njia. Bahili! Anafunga mishumaa kwa kamba na kuweka fundo, ili asubuhi ajue nani aliwasha. Na kuna mzee mpangaji, zamani alikuwa askari, mguu mmoja mfupi. Kila baridi ikianza anamposa yule mama, ili apate kuni chumbani. Baridi ikiisha, posa inaisha.

Nilikaa kitako. Joto lilinitoka mwilini. Huyo mama namjua! Anaishi nyuma ya msikiti mdogo, ana friji imefungwa kufuli. Na huyo mzee wa mguu, wacha nisiseme, ukoo wake uko hapa. Sasa marehemu wa nchi ya baridi, ambaye ngamia hajamuona hata kwa picha, aliwajuaje majirani zangu?

Kila mchana nikawa nadai sehemu yangu. Mjukuu anageuza, mimi nachukua sauti. Mama mwenye nyumba nikampa sauti ya pua: "Nani amewasha mshumaa? Nani amewasha mshumaa na jua liko nje?" Askari nikampa koo la dereva wetu: "Mama, baridi mbaya, mama. Moyo wangu unataka kuoa, mama." Mjukuu anaangusha simu kwa kucheka. Na asubuhi, gari halijafika, nawapa wenzangu chini ya turubai.

Vidude vikatoka masikioni. Wauza mboga wakahama na vikapu vyao wakaja karibu. Msichana mmoja aliyekuwa hanisalimii vizuri alinishika mkono njiani: "Habaryar, mama mdogo, yule mzee alipata kuni?" Nikamwambia njoo kesho. Nilitembea kama mwanamke aliyezaa mapacha.

Wifi yangu peke yake alikaa ametupa mgongo, anasugua jerikeni na kuzifukiza moshi, maziwa yasiharibike. Asubuhi moja nilikuwa nimefika pale mama wa hadithi anafungua mlango, ameshika mshumaa, na nje kuna mtu amesimama kwenye theluji. Nimetoa sauti ya mlango, kriiii. Wifi yangu akageuka.

"Abayo, dada," akaniambia, mbele ya wote, "hadithi hii imetoka zizi la nani?"

Nikacheka. "Hii haina mwenyewe."

"Haina vipi? Ilizaliwa na upepo?"

"Mwenyewe amekufa. Mtu yeyote anachukua tu. Mjukuu amesema."

"Amekufa," akasema, "basi mkamgawana."

Hakuna aliyecheka. Nikataka kumwiga, sauti yake iko hapa hapa kwenye ulimi, lakini haikutoka.

"Mtu akifa mali yake ina warithi," akaendelea, polepole, anatoa ule mwiba wake. "Pengine aliacha mtoto. Pengine kuna yatima. Wewe unakula mali ya yatima hapa, na sisi unatulisha. Jerikeni bila zizi hatumwagi kwenye mtungi. Leta jina lake, watu wake, na ruhusa yao. Kabla ya hapo mimi sisikilizi. Sitaki kumwita mtu mwizi."

Mtu akisema hataki kulisema neno, ameshalisema. Nilimuona mmoja anaweka kikombe chake cha chai chini, taratibu, kama chai yenyewe nimemwibia. Wanawake hawa tunachanganya maziwa yetu kwenye mtungi mmoja. Wakiacha kuniamini mdomo, kesho wataacha kuniamini jerikeni. Na hapo mimi nitakuwa nani Garissa?

Nilifika nyumbani viatu viko mkononi.

"Wewe! Umenilisha haramu!"

Mjukuu alikuwa anafua. "Ayeyo, haramu gani?"

"Ya yatima! Piga simu kwao yule marehemu. Sasa hivi. Mwambie mkubwa wao mama mmoja wa Garissa anaomba ruhusa, na kama wamekasirika tutazungumza."

Akakaa chini kwenye maji ya sabuni, akacheka mpaka nikamtupia soksi. Alipoona sicheki akajikausha mikono, akanieleza polepole, ile sauti anayofanyia mazoezi ya watoto wa darasa la kwanza. Kwamba mtu akiandika kitabu, ni mali yake, huwezi kukichukua. Akifa, ni mali ya warithi wake kwa miaka mingi, wanakula jasho la mzee wao. Kila nchi ina miaka yake. Lakini ile miaka ikiisha, sheria inasema sasa inatosha, kitabu hiki ni cha watu wote. Hakuna anayeiba. Mlango umefunguliwa na sheria yenyewe.

"Na watoto wake walikula?"

"Hakuwa na watoto, Ayeyo. Hakuoa. Baba yake alikuwa fundi viatu. Yeye aliishi chumba cha kupanga, akaugua kifua, akafa."

"Chumba cha kupanga? Na mama wa mishumaa?"

"Pengine."

 Kumbe alikuwa anatuambia baridi yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nikiicheka.

"Sasa kama amekufa, hana mtoto, nani amemtia kwenye simu?"

"Watu tu. Wanajitolea. Hawajuani, kila mmoja yuko nchi yake. Wanachukua kitabu cha zamani, wanakinakili ukurasa mmoja mmoja, mwingine anakagua makosa. Wengine wanasoma kwa sauti wanakiweka hivyo, hata kipofu asikie."

"Wanalipwa na nani?"

"Hakuna anayewalipa."

"Wanapata nini?"

"Wewe umepata nini, Ayeyo?"

Mtoto huyu ana mdomo. Sijui ameutoa wapi.

Lakini jibu lake lilinikaa. Nimeona watu namna hiyo. Wakati wa kiangazi, kisima cha njiani kikijaa mchanga, utakuta wapita njia wameingia ndani wanautoa kwa mikono, na wao wenyewe kesho watakuwa wamehama, maji watakunywa wengine wasiowajua. Sikujua wako pia kwenye simu.

Mchana ule sikulala. Nilimwambia mjukuu anifundishe jina la marehemu, lake na la baba yake na la mji wake. Majina ya nchi ya baridi ni kama kutafuna mfupa, yanagonga meno. Nililitafuna mpaka magharibi. Na hapa ndipo ile sheria ya mjukuu inaponibana: jina nalijua, na kuandika amekataa. Basi, na mimi mniwie radhi. Nimewaonjesha tone kwenye kiganja tu, hadithi yenyewe sitawamwagia. Bila jina haitoki kwangu tena.

Asubuhi nilikwenda mapema. Sikutoa sauti ya mtu yeyote. Nilisema kwa sauti yangu, ambayo wengi wao nadhani walikuwa hawaijui. Nikataja jina lake, jina la baba yake fundi viatu, mji wake. Nikasema hakuoa, hakuacha mtoto. Nikasema sheria ya miaka, na wale wanaonakili bila kulipwa, na kwamba mimi nimeipokea kwa mjukuu wangu aliyeigeuza kutoka Kizungu.

Wifi yangu alinisikiliza akiwa ameniangalia mdomo, kama anavyoangalia rangi ya maziwa.

"Rudia jina."

Nikarudia. Akalisema yeye, mara moja, sawasawa. Mimi nilikuwa nimelilia mchana mzima!

"Na ruhusa?"

"Abayo, nani wa kunipa? Warithi hakuna."

Kabla hajajibu, gari likafika. "Mama, barabara mbaya, mama!" Akainuka, akaenda kuonja, akaniacha pale naning'inia. Alifungua jerikeni ya kwanza, akanusa, akalamba, akauliza zizi. Ya pili hivyo hivyo. Sijawahi kumuona akichelewa kama siku ile. Yangu alipoifikia alinusa mara mbili. Niliificha mikono yangu ndani ya shungi. Wenzangu wote wanaangalia chini, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuniangalia.

Alipofunga ya mwisho, akajifuta kiganja. Akaniuliza bila kugeuka:

"Kile kisima cha njia ya Hulugho, alichochimba yule mzee aliyekufa bila mtoto. Siku hizi nani ananywesha pale?"

"Kila mtu," nikasema.

"Kinaitwaje?"

"Kinaitwa kwa jina lake."

"Basi." Akamwaga jerikeni yangu kwenye mtungi wa pamoja, yote, mpaka tone la mwisho. "Maji ya kila mtu, jina lake yeye. Usiwahi kunywesha bila kumtaja."

Halafu akakaa chini, akakunja miguu, safari hii uso umenielekea. "Yule mama alikuwa mlangoni na mshumaa. Nje alisimama nani?"

Kumbe! Alikuwa anasikiliza kwa mgongo siku zote zile! Wanawake walipasuka kucheka, na mimi nilicheka mpaka nikalia, na machozi mengine sikujua ni ya nini.

Tangu siku hiyo akawa askari wangu. Anakaa karibu kabisa, na nikikosea kidogo ananishika. "Juzi koti la mzee lilikuwa la kijivu. Leo limekuwa kahawia. Amenunua jingine?" Mimi nilizoea kutia chumvi, nikitaka namfanya farasi kuwa ngamia ili watu wahuzunike vizuri akifa. Akanikatalia. "Farasi ni farasi. Aliyemchunga ni yeye marehemu." Na kweli, farasi alipokufa, wanawake wa Garissa walimlilia farasi.

Tulimaliza kile kitabu, mjukuu akatoa kingine, kilichoandikwa na mwanamke. Wifi yangu haulizi tena kama ni halali. Anauliza jina, watu, nani alinakili. Siku moja tukiwa tunaosha mitungi akaniambia, kama anayesema na maji: "Mwanamume bila mtoto, kwetu jina lake linaishia kwake. Huyu kwao pengine hakuna anayemtaja. Na sisi tunamtaja hapa kila asubuhi, tunanuka maziwa." Akatikisa kichwa. "Alikuwa mtu, yule." Kutoka kwake, hiyo ni sifa ya kujengewa mnara.

Kisha binti yake alijifungua huko Rhamu, akaenda kukaa naye. Chini ya turubai pakawa na shimo. Tukangoja habari za mtoto. Ujumbe wa sauti ukaja kwa simu ya mjukuu, akatuletea pale turubai, mrefu ajabu, nyuma yake unasikia mto, mbuzi, na wanawake wanaambiana kaeni kimya.

Ilikuwa hadithi. Alikuwa anawasimulia watu wa Rhamu, binti yake akamrekodi. Kwanza akataja jina la marehemu, la baba yake, la mji. Akasema hakuacha mtoto, kwa hiyo tumtaje vizuri. Akawataja wale wanaonakili bila kulipwa, Mungu awape. Akamtaja mjukuu wangu. Halafu akasema, "Nami nimeipokea kwa," na akalitaja jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, mpaka juu, polepole, hakuruka hata mmoja.

Nilimwambia mjukuu asimamishe. Nikavuta pumzi. Nikamwambia haya, endelea.

Alisimulia kavu, kila neno mahali pake, koti la kijivu. Sauti haigi, hajui. Lakini alipofika kwa mama mwenye nyumba alisita, akakohoa, akajaribu: "Nani amewasha mshumaa?" Ilitoka kama mbuzi mwenye mafua! Watu wa Rhamu wakacheka, na sisi Garissa tukacheka juu yao, simu ikaruka mkononi mwa mjukuu.

Katikati ya kicheko hicho gari lilifika. Dereva akashuka na barabara yake mbaya, hakuna aliyeinuka. "Mama, maziwa!" Tukamwambia nyamaza, ngoja, bado mlango haujafunguliwa. Akakaa kwenye tairi, akasikiliza naye mpaka mwisho.

Kisha nikainuka mimi, maana muonjaji hayupo na mtungi unangoja. Nikafungua jerikeni ya kwanza, nikanusa, nikatia tone kwenye kiganja.

"Haya yametoka zizi la nani?"

Wasichana wakacheka, walidhani namwiga wifi yangu. Nikangoja nijibiwe.